Bomba la Maji, Bomba la Upepo

Mtaa mzima ulimwita Koki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi bomba. Kama bomba la jikoni kwako lilikuwa linadondosha matone usiku kucha, ulimwita Koki. Kama choo kilikataa kujaa maji, ulimwita Koki. Alikuja na mfuko wa vifaa begani, akapiga domo na wenye nyumba, akachafua mikono, na kabla chai uliyomtengea haijapoa, kazi ilikuwa imekwisha.

Alikuwa mcheshi, na alijiamini. Alipenda kuwaambia watu kwamba maji yenyewe yakimwona yanashika adabu.

Dada yake mdogo alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichoangalia barabara. Huku kulikuwa na mabunda ya vitambaa, kule vipande vya sponji, na katikati meza ndefu ya kukatia. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Kwa hiyo jambo lolote la kushika nyundo au kupanda ngazi, dada huyu alimwita kaka yake. Naye kaka hakuwahi kukataa. Alimpenda dada yake, na alipenda zaidi kuitwa.

Kwa muda mrefu dada alipiga pini za makochi kwa mkono. Mwishowe akanunua mashine ya upepo. Mashine hiyo huvuta hewa na kuibana ndani ya tangi la chuma. Hewa iliyobanwa, ambayo mafundi huiita upepo, hupita kwenye mpira mrefu mpaka kwenye stepla. Ukibonyeza, pini inazama kwenye mbao mara moja. Kazi iliyokuwa ikimchosha kutwa sasa ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Tatizo lilikuwa ule mpira. Ulilala sakafuni kama nyoka. Wateja walijikwaa hapo, na yeye mwenyewe aliwahi kuanguka nao akiwa amebeba kiti. Akamwomba kaka yake amwekee bomba ukutani, ili upepo upite juu na kushuka mezani.

Koki alikuja siku hiyohiyo. Akapima ukuta kwa macho, akasema kazi ni ndogo, atatumia mabomba ya plastiki yale yale anayofunga majumbani.

Dada alisita. "Kaka, aliyeniuzia mashine alisema bomba liwe la chuma. Una hakika na plastiki?"

Koki akacheka. Akacheka mpaka akajitupa kwenye kochi lililokuwa bado halijawekwa sponji, springi zikamchoma, akaruka juu, na dada naye akaangua kicheko.

"Dada yangu," Koki alisema akijipapasa, "yule anauza mashine. Mimi ndiye wa mabomba. Chuma kitashika kutu, kikuchafulie vitambaa. Halafu hili bomba limeandikwa ubavuni presha linayoweza kubeba. Mashine yako haifiki hata nusu yake."

Dada hakuuliza tena. Aliyekuwa akisema ni kaka yake, na mabomba ndiyo kazi yake.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama muuzaji alimuuliza mabomba hayo ni ya kazi gani, kwa sababu yale ni ya maji tu. Koki akamjibu kwa utani kwamba fundi haulizwi maswali, anafungiwa mzigo. Mama akafunga mzigo.

Kazi ilitoka safi. Bomba jeupe lilipita ukutani limenyooka, likakata kona, likashuka juu ya meza. Koki alisimama mlangoni akaliangalia kama mtu anayeangalia picha yake. Fundi matairi wa ng'ambo ya barabara alikuja kuona, akatamani. Wiki iliyofuata Koki akamfungia naye. La fundi matairi lilipita nje, juani, juu ya benchi ambapo wateja hukaa kusubiri magurudumu yao.

Miezi ikapita. Bomba halikuvuja hata kidogo. Kila Koki alipopita pale, aliligonga kwa kidole na kumkonyeza dada yake.

Asubuhi moja dada alimpigia simu. Alisema kuna mlio mdogo kwenye kona ya bomba, juu ya meza, kama ukuni unaoalika motoni. Unalia mara moja, kisha kimya.

Koki alifika na bakuli la maji ya sabuni. Hii ni njia ya mafundi ya kutafuta mahali panapovuja. Unapaka povu kwenye maungio, na kama pana tundu, mapovu yanavimba. Akapaka kila kona. Akasubiri. Hakuna povu lililovimba.

"Halivuji," alisema akishuka kwenye ngazi. "Piga kazi."

Dada alikuwa na viti vya ukumbi wa shule, na vilitakiwa haraka. Akawasha mashine, akashika stepla, akainama mezani. Koki akatoka nje kunawa sabuni mikononi.

Maji yalikuwa bado yanamtiririka vidoleni aliposikia mshindo. Alidhani tairi la lori limepasuka barabarani. Kisha akaona vumbi likitoka mlangoni mwa karakana.

Ndani, kipande kizima cha bomba hakikuwepo ukutani. Vipande vyeupe vilitapakaa kila mahali, vyenye ncha, kama sahani iliyopigwa chini. Vingine vilikuwa vimezama ndani ya sponji. Kimoja kilikuwa kimechoma mlango wa kabati na kusimama pale. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Dada yake alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Damu ilikuwa ikipenya katikati ya vidole.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "zima mashine."

Koki akazima. Alirudi akapiga magoti mbele yake, akaona ncha nyeupe imejitokeza chini ya nyusi, akanyoosha mkono aivute. Dada alimshika kifundo cha mkono, akamwambia asiguse. Basi akamfunika jicho kwa kitambaa safi bila kukandamiza, akambeba mpaka barabarani. Mwenye teksi aliyekuwa akipita akawachukua bila kuuliza neno.

Hospitalini muuguzi alisema walifanya vyema kutovuta kitu wala kuosha jicho. Lilikuwa jambo pekee lililofanywa sawa siku ile, na aliyelifanya ni mgonjwa mwenyewe.

Daktari wa macho alikuja baadaye kuongea na Koki pale ukumbini. Mke wa Koki alikuwa ameshafika, ameketi pembeni na mkoba wa nguo za wifi yake. Daktari alieleza kwamba kuna vipande ndani ya jicho na vingine shavuni. Vingekuwa vya chuma vingeonekana wazi kwenye picha ya eksirei. Plastiki haionekani vizuri, kwa hiyo ilibidi watumie vipimo vingine na muda mwingi zaidi. Wangempeleka chumba cha upasuaji. Kuhusu kuona, hakutaka kuwapa matumaini ya bure.

Koki akaketi kwenye benchi, ameshika tama. Shati lake lilikuwa na damu kifuani. Alikuwa akitazama ukuta wa mbele yake bila kuuona. Kisha akauona.

Ukutani palipita mabomba membamba ya shaba nyekundu, yamefungwa imara, yameandikwa na kuchorwa mishale. Mwanamke mmoja mwenye ovaroli na shada la funguo kiunoni alikuwa amesimama chini yake, akisoma geji, kile kipimo cha presha. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya hospitali.

"Mama, samahani," Koki alisema. "Hayo ni ya maji?"

"Hapana, mzee wangu. Hayo ni ya upepo na oksijeni. Yanakwenda kwa wagonjwa."

"Kwa nini hamkuweka plastiki?"

Mama mhandisi alitaka kujibu haraka aende zake. Kisha akaliona shati. Akaja akaketi karibu naye, akamuuliza kimetokea nini. Koki akamsimulia yote, kuanzia mpira wa sakafuni mpaka povu la sabuni. Hakujitetea ila mahali pamoja. Alisema bomba lilikuwa limeandikwa presha yake, na presha ile haikuwahi kufikiwa.

"Ile iliyoandikwa ni presha ya maji baridi," mama alisema. "Si ya upepo."

"Presha si presha tu?"

Mama akafikiri kidogo. "Dada yako ni fundi makochi. Springi ya kochi unaijua?"

Koki aliijua. Mgongo wake uliijua.

"Ukiikandamiza springi kisha ukaiachia ghafla, inafanya nini? Inaruka. Upepo uliobanwa ni hivyo hivyo. Unajikunja, unakaa umejikunja, unasubiri. Maji hayajikunji. Bomba la maji likipata ufa, maji machache yanatoka, presha inashuka palepale, unalowa, unamwita fundi. Bomba la upepo likipata ufa, ile springi yote inafunguka mara moja. Plastiki ngumu kama ile haipanuki na kuchanika. Inavunjika kama kioo, na upepo unavirusha vile vipande."

Mama akaendelea taratibu. Alieleza kwamba upepo unatoka kwenye mashine ukiwa wa moto, na joto linailegeza plastiki. Mashine nyingi hutoa pia mvuke wa mafuta, na mafuta hayo huila plastiki pole pole kutoka ndani. Mtikisiko wa mashine unaichosha kwenye kona. Jua nalo likiipiga, inakauka na kuwa rahisi kuvunjika. Hayo yote yanaendelea miezi, hata miaka, na kwa nje bomba linabaki jeupe na zuri.

"Mimi nilitafuta panapovuja," Koki alisema.

"Ndiyo. Lakini bomba la upepo halikupi taarifa kwa kuvuja. Pengine ule mlio ndio ulikuwa taarifa yake."

Koki akainamisha kichwa. Mama hakumwongezea neno la lawama. Alimwambia tu kwamba si yeye peke yake, kwamba ameyaona mabomba hayo kwenye gereji nyingi, na kila aliyeyafunga alisema mbona yangu hayajapasuka.

Hapo ndipo Koki alipokumbuka benchi la fundi matairi.

Alipiga simu. Fundi matairi alikuwa na foleni ya wateja, akamwambia watazungumza jioni, akakata. Koki akapiga tena, haikupokelewa. Akamtazama mke wake, akatazama mlango wa chumba cha upasuaji. Mke wake akamwambia aende, yeye atabaki na wifi yake.

Alipofika ng'ambo ya ile karakana, watu walikuwa wamekaa kwenye benchi kama kawaida. Mama mmoja alikuwa na mtoto mapajani. Juu yao bomba lilipita, jua limelipiga tangu asubuhi. Koki alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaizima.

Fundi matairi alikuja juu. Amesikia habari ya jirani, alisema, na anampa pole, lakini bomba lake yeye ni zima na kazi imesimama. Koki aliwaomba wateja wahame benchi. Fundi matairi akazidi kupandwa na hasira.

"Ni wewe uliyelifunga," alisema mbele ya watu. "Ni wewe uliyejipiga kifua hapa ukasema litatuzika sote. Leo ndio unajifunza kazi?"

"Ndiyo," Koki alisema. "Leo ndio najifunza."

Fundi matairi hakutarajia jibu hilo. Akabaki amesimama na spana mkononi. Koki akafungua tangi, upepo wote ukatoka ukipiga mluzi mrefu mpaka geji ikasoma sifuri. Ndipo akapanda ngazi, akashika bomba kwenye kona iliyokaa juu ya benchi, akalivuta kidogo. Hakutumia msumeno. Lilikatika mkononi mwake kama mkate mkavu. Ndani ya ule mvunjiko palikuwa na ufa wa zamani, umeshaingia uchafu.

Alimpa fundi matairi kile kipande. Yule bwana akakigeuza geuza, akamtazama mama mwenye mtoto, akaenda kukaa kwenye tairi.

Koki aliporudi hospitalini, dada yake alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji. Alikuwa ameamka akamuulizia, kisha akalala tena. Koki akakaa pembeni ya kitanda mpaka alipofumbua jicho moja. Lile jingine lilikuwa chini ya bandeji, na daktari alikuwa ameshamwambia mke wa Koki kwamba halitaona tena.

"Ni mimi," Koki alisema. "Dada, ni mimi niliyekufanyia hivi."

Dada hakuwa na haraka ya kumtuliza.

"Sikulaumu kwa kutojua," alisema mwishowe. "Hakuna anayejua kila kitu. Nilikuuliza, kaka. Nilikuuliza, ukacheka. Hilo ndilo linaloniuma."

Koki alimfunika miguu kwa shuka, ingawa ilikuwa imeshafunikwa.

Kabla dada hajarudi kazini, Koki aliibomoa kazi yake yote ukutani. Alimwomba mama mhandisi aje amwelekeze, naye akaja siku yake ya mapumziko. Safari hii Koki aliuliza kila kitu, hata yale aliyodhani anayajua. Wakafunga mabomba ya chuma. Mama alisema shaba au alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya upepo ingefaa pia. Kati ya mashine na bomba wakaweka kipande cha mpira mzito wa upepo, ili mtikisiko usifike ukutani. Bomba likapewa mteremko kidogo, na mwisho wake, chini kabisa, pakawekwa koki ya kutolea maji, maana upepo uliobanwa huacha maji, na maji ndiyo yanayoleta ile kutu aliyokuwa akiisema Koki. Wakajaribu valvu ya usalama ya tangi kuona kama inaachia presha ikizidi. Mlangoni dada akatundika miwani ya kukinga macho. Aliagiza mtu yeyote asishike stepla bila kuivaa, awe fundi au mgeni.

Fundi matairi naye akaweka chuma. Baada ya hapo Koki akaanza kuzunguka. Aliingia kwenye gereji, kwa mafundi rangi, kwa maseremala, popote aliposikia mashine ya upepo ikinguruma. Akikuta bomba la plastiki, alieleza. Wengine walimwambia la kwao limekaa miaka na halijapasuka. Wengine walitaka kulifunika kwa mbao au kulizungushia matambara. Aliwaambia wasijidanganye, walitoe. Mtu akizidi kubisha, alimwomba waende karakana wakamsalimie dada yake. Mara nyingi hawakurudi kubisha.

Watu waliomjua zamani walisema amepoa. Ukimuuliza jambo siku hizi, anaweza kukujibu kwamba halijui, umpe muda akaulize. Hilo zamani halikuwahi kutoka kinywani mwake. Wateja hawakumkimbia. Pengine walimwamini zaidi, lakini yeye hakulifurahia sana, maana alijua limemgharimu nani.

Dada alirudi mezani. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwenye jicho moja hapimi umbali kama mwenye mawili. Stepla ilikosa ukingo wa mbao. Kikombe alikitua hewani, kikaanguka. Upande wa kushoto alijigonga kwenye fremu ya mlango aliyoipita miaka yote. Hakulalamika, alirudia. Makochi yake yakaanza tena kutoka yamenyooka.

Kilichomshinda kilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita mbele ya tundu au nyuma yake, kila mara. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa wateja wake, Koki alipita karakana, akaketi mezani, akatunga nyuzi kwenye sindano za siku nzima na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, upande wa kulia wa dada yake. Hawakuwa wakiongea sana. Akimaliza aliinuka, akachukua mfuko wake, akaenda.

Ikafika asubuhi moja akakuta dada ameshashika sindano. Koki akanyoosha mkono kumpokea, dada akamkatalia kwa kichwa. Akalowesha ncha ya uzi, akaisogeza. Ikapita pembeni. Akaisogeza tena. Koki aliketi ameikunja mikono yake kwapani ili isiende kumsaidia. Barabarani watu walipita, mashine ikajaa upepo ikajizima yenyewe, na dada bado alikuwa anajaribu.

Uzi ukaingia.

Dada aliuvuta mpaka ukawa mrefu wa kutosha, akafunga fundo, akaiweka sindano juu ya kitambaa. "Kesho ukipita," alisema, "pita kunisalimia tu."

Koki akaitikia kwa kichwa. Aliendelea kukaa pale kwa muda, hajui mikono yake aipeleke wapi.